Mgeni Na. 412

Duka nimefunga saa tatu usiku, Barabara ya Tisa.
Mashine ya fotokopi bado ina joto, kama paka aliyelala.
Nafunika vyeti vya kuzaliwa na mtihani wa darasa la nne,
nafungua bustani yangu.

Wenzangu huanza na rolakosta. Mimi nilianza na njia,
kwa kuwa nimezaliwa Ngamiani, mitaa imepigwa rula,
mtoto akipotea huulizwa namba.
Nikapiga rula nami: vigae vya kijivu, kona za mraba.
Wageni mia mbili wakaingia, wakasimama njia panda
kama kuku mgeni, ila kamba mguuni siioni.
Mawazo yao huandikwa juu ya vichwa:
Nimepotea.
Nina njaa.
Choo kiko wapi?
Mmoja akawaza: Nataka kwenda nyumbani,
na geti lilikuwa nyuma yake.

Rolakosta ya kwanza niliiita Mnyuzi,
kule baba alikopiga mataruma miaka kumi na tisa.
Alikuwa akisema: reli haikatwi kona, hubembelezwa.
Ule upande wa nje uinue kidogo,
behewa lijiegemeze kama mama aliyebeba mtoto ubavuni.
Sikumsikiliza. Nikaikata.
Mabehewa ya majaribio, matupu, namshukuru Mungu,
yakaruka moja baada ya jingine kwenye bwawa la bata.

Nikabomoa. Nikabembeleza.
Msisimko: saba nukta moja. Hofu: sita.
Kichefuchefu sitaki kusema.
Walishuka wakicheka, wakatapika hatua nne mbele,
nikaajiri mfagiaji, nikampa jina la shemeji yangu Hoza,
naye, Hoza kabisa, akaenda kumwagilia maua.

Juzi nilifuta njia ya zamani nyuma ya kibanda cha juisi.
Kikabaki kigae kimoja. Juu yake mtu.
Mgeni Na. 412, kofia nyekundu, puto mkononi.
Pande zote nyasi. Si mto, si ukuta,
nyasi tu, fupi, za kijani kibichi,
na hakanyagi.
Mwaka mzima wa mchezo hakukanyaga.
Nilicheka peke yangu dukani.

Huku kwetu uwanja wa shule ulizungushiwa seng'enge.
Kesho yake palikuwa na tundu la mtu.
Wiki ya pili, tundu la baiskeli.
Mwezi wa tatu mama wa vitumbua akaweka benchi tunduni
na anakudai shilingi mia ukikaa bila kununua.
Njia ile haina mchoraji. Ina visigino.

Kisha kicheko kikanishuka.
Treni ilipoacha kuja, baba aliendelea kuamka saa kumi.
Anavaa buti, anafunga kamba, anatoka,
anakaa kizingitini, nyundo magotini,
mpaka jua linamfikia vidoleni.
Tukimwambia, baba, twende basi hata sokoni,
anatazama uani kama pamejaa maji.
Ua wenyewe ulikuwa hatua kumi na mbili.
Niliwahi kuzihesabu.

Jana usiku nikamwekea 412 kigae kimoja.
Hakusogea. Cha pili. Akageuza shingo.
Cha tatu nimekishika, umeme ukakatika mtaa mzima,
na sikuwa nimehifadhi.

Asubuhi nawasha, naye yuko palepale,
puto limepauka, au ni kioo changu kina vumbi.
Mwanakombo amesimama kaunta na fomu ya ardhi,
anataka nakala sita, na ana haraka.
Namwambia, subiri kidogo dada,
kuna mtu namtengenezea njia.
Anainama juu ya kaunta, anamtazama kwa muda,
kofia, puto, nyasi,
anasema:
Kwani hana miguu?